Barua Yako ya Uanagenzi Inanukia Nairobi, na Uko Kisumu

Wasee wa sheria, hii ni yenu. Na kama husomi sheria kaa tu, kuna kitu chako pia humu ndani.

Mimi si wakili. Niliacha chuo mwaka wa pili, na hata kozi niliyokuwa nafanya haikuwa sheria. Kazi yangu ni kutengeneza video na kuandika. Sasa kwa vile naandika, watu hunitumia maandishi yao niyapige pasi, na miaka hii miwili nimesoma barua za kuomba uanagenzi wa uwakili, ile pupileji, nyingi kuliko mtu yeyote ambaye hajawahi kufunga tai. Nimezisoma, nimeziona, na nina neno moja: nyingi zimeandikiwa ofisi ambayo haiko Kisumu.

Kwa wale wa nje, wacha nieleze haraka. Kenya hii digrii ya sheria peke yake haikufanyi wakili. Ukimaliza LLB yako ya miaka minne unaenda Kenya School of Law, Karen, Nairobi. Kuna masomo 9 na mitihani yake. Kisha lazima ukae miezi 6 chini ya wakili ambaye mwenyewe amefanya kazi hiyo si chini ya miaka 5. Bila hiyo miezi sita, hakuna kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Na ada ya hiyo programu ya Karen kwa miaka mingi imekuwa karibu laki mbili, kando na kodi ya nyumba na chakula cha Nairobi.

Piga hesabu sasa. Mtu ametoka Nyalenda ama Ahero. Nyumbani walishauza ng'ombe, wakafanya harambee, wakakopa chama. Amepita kila kitu. Kilichobaki ni ofisi moja tu iseme, "Sawa, njoo." Ofisi isiposema, huyo mtu ana digrii ukutani na bado anaulizwa kijijini, "Wakili, utaanza lini?"

Na hapo ndipo wenye wajomba hukupita. Mwenye mjomba wakili hahitaji barua. Simu inapigwa jioni, Jumatatu anaripoti. Wewe ambaye baba ni mvuvi Dunga na mama anauza omena Kibuye, barua ndiyo mjomba wako. Hiyo ndiyo itaingia ofisini kabla yako na kusema wewe ni nani. Sasa mbona unaituma ikiwa haikujui?

Kwa sababu barua nyingi ni hivi: "Mimi ni kijana mchapakazi, mwenye ari, ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo, na natamani kukua katika kampuni inayoongoza." Nimeona barua tatu za watu watatu wasiojuana zenye sentensi hiyo hiyo, koma kwa koma. Tunajua imetoka wapi. ChatGPT ni mzuri kwa tahajia, lakini ChatGPT hajawahi kukaa kwenye benchi la korti ya Winam.

Mwingine ameandika kwamba ndoto yake ni kushughulikia muungano wa makampuni ya kimataifa. Omera, ofisi unayoiandikia iko ghorofa ya pili juu ya duka la simu. Ina mawakili wawili, karani mmoja, sekretari mmoja, na faili zimepanda mpaka karibu na dari. Watu walioketi pale nje wakingoja wamekuja na hati miliki ya babu iliyokunjwa mara nne ndani ya karatasi ya nailoni. Wakili akisoma hiyo ndoto yako anajua kitu kimoja tu: huyu anataka kuwa mahali pengine.

Kazi ya uwakili ya huku ziwani ina sura yake. Kuna mirathi, familia inazozana juu ya shamba ambalo bado liko kwa jina la mtu aliyezikwa kitambo. Kuna mipaka. Kuna boda iliyogongwa na matatu Kondele na bima inavuta miguu. Kuna mfanyakazi wa kiwanda cha sukari anayedai mishahara yake. Kuna kijana aliyeshikwa usiku na mamake hajui aende kituo gani. Na mji huu una korti za kutosha: Mahakama Kuu, kituo cha Mahakama ya Rufaa, mahakama ya mazingira na ardhi, na ya ajira. Ukitoka nje kidogo kuna Winam, Maseno, Nyando na Tamu, halafu Siaya, Bondo, Homa Bay mpaka Mbita. Mwanagenzi ndiye atakayepanda matatu saa kumi na mbili asubuhi na faili mapajani.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: barua nzuri ya uanagenzi ni ile inayoonyesha kwamba unajua kazi ya ofisi hiyo na umeshaanza kuifanya kichwani. Alama zako ziko kwenye CV, atazisoma. Barua imwonyeshe siku yako ya kwanza itakuwaje. Na hii haihitaji mjomba, inahitaji miguu.

Anza kwa kwenda kortini. Kesi husikizwa hadharani, mlango uko wazi, hakuna anayekuuliza kiingilio. Kaa asubuhi tatu au nne. Usiandike majina ya watu, andika kinachotendeka. Kesi ngapi zimesikizwa, ngapi zimeahirishwa, na kwa nini. Shahidi hakuja? Upande mmoja haukupewa hati? Wakili yuko korti nyingine? Baada ya siku nne utakuwa unajua kinachomkosesha wakili wa Kisumu usingizi kuliko mtu aliyesoma vitabu mwaka mzima bila kutoka hosteli.

Kisha iweke kwenye barua, kwa lugha ya kawaida. Barua yenyewe utaiandika Kiingereza, sawa, lakini maana yake iwe kama hii: "Mwezi uliopita nilihudhuria vikao vya wazi kwa asubuhi nne. Kesi kadhaa niliziona zikiahirishwa kwa sababu hati hazikuwa zimefikishwa kwa upande wa pili. Ningependa kuanza na kazi hiyo ya kufuatilia hati na tarehe, kwa sababu nimeona mteja anavyoumia ikiachwa." Sentensi tatu. Hakuna "ari" wala "shinikizo". Na kama hukwenda kortini, usiandike ulikwenda. Unaomba kazi kwa watu ambao riziki yao ni kumhoji shahidi mpaka ajikwae.

Pili, onyesha mkono wako. Ambatisha ukurasa mmoja wa kazi. Chukua hukumu moja ya ardhi kutoka tovuti ya Kenya Law, ni bure, uifupishe: ubishi ulikuwa nini, korti ilisema nini, mteja wa kawaida ajifunze nini. Ama tunga mteja wa kubuni, boda aliyegongwa, uandike orodha ya kila kitu utakachomwomba siku ya kwanza na kila tarehe ya kulindwa. Madai ya uzembe kama hayo yana miaka 3 tu. Mteja akiingia ofisini mwezi wa 35, mwanagenzi anayeangalia tarehe kabla ya kuangalia kitu kingine chochote amemwokoa huyo mteja na amemwokoa wakili. Tena kuna korti ya madai madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016: madai yasiyozidi milioni 1, na kesi inafaa iishe ndani ya siku 60. Kwa mwendo huo ofisi inataka mtu anayepanga karatasi haraka. Mwonyeshe unaweza.

Lakini sikiza vizuri hapa. Usiambatishe hati ya kweli kutoka mahali ulipofanya atachimenti. Nimeshaletewa moja, majina ya wateja yote yakiwa wazi, hata namba za vitambulisho. Aliyeileta alidhani inaonyesha uzoefu. Inaonyesha kwamba siri ya mteja ikiwa mikononi mwako itasafiri kwa barua pepe.

Tatu, lugha yako ni ujuzi. Watu wetu wanaficha Dholuo kwenye CV kana kwamba ni kidonda. Wengine wanaiweka chini kabisa, baada ya "kutazama sinema na kusafiri". Mama akitoka Usoma kuulizia shamba la marehemu mumewe, hatakuja na Kiingereza cha kortini. Ataeleza mambo kwa Dholuo, kwa mzunguko, akianzia kwa mama mkwe. Mtu atakayeyaandika hayo kwenye hati ya kiapo bila kupunguza na bila kuongeza ndiye ameshika kesi. Katiba yenyewe inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya korti haki ya mkalimani bila malipo. Kama lugha ni haki kubwa hivyo kortini, kwa nini kwenye barua yako iwe aibu? Iweke juu. Ukijua Kiluhya au Ekegusii pia, usinyamaze.

Nne, jua unamwandikia nani. "Kwa Yeyote Anayehusika" hahusiki yeyote. LSK, chama cha mawakili, wana orodha mtandaoni. Tafuta jina, uhakikishe ana leseni ya mwaka huu na kwamba ameshafikisha ile miaka yake. Ukikaa miezi sita kwa mtu asiyestahili kukulea, umetupa miezi sita. Ukipeleka barua mkononi, msalimie sekretari kama mtu, kwa sababu ni mtu, na mara nyingi yeye ndiye anayeamua barua iende mezani au kwenye droo. "Oyawore, madam" haina gharama. Rudi baada ya wiki mbili. Usirudi kila siku, si deni unadai.

Najua kuna anayesema, "Bana, Kisumu hakuna pesa. Nairobi ndiko wanakolipa." Hapo sitakudanganya. Kuna ofisi zinazolipa wanagenzi vizuri, kuna zinazotoa kitu kidogo cha nauli, na kuna zinazotoa shukrani. Uliza mapema, kwa heshima, kabla ya kukubali. Swali la nauli na chakula cha mchana si utovu wa adabu. Na kwa mawakili mnaosoma hapa, naomba niseme kwa heshima: mtoto anayebeba faili zenu kutoka Oginga Odinga Street hadi Nyando hali hewa. Mkisema nafasi ni za bure tu, mmeshaamua kwamba uwakili ni wa watoto wa wenye pesa. Halafu mnashangaa mbona wanaokuja hawajui kuongea na mteja.

Lakini pia wewe, kabla ya kukimbilia Nairobi, jiulize unakimbilia nini. Kampuni kubwa za kule zinaandikiwa barua na darasa zima la Karen. Utapanga foleni na wenye wajomba wakubwa zaidi, ukilipa kodi kubwa zaidi. Huku wewe una kitu ambacho wao hawana: unajua barabara, unajua lugha, unajua kwa nini mtu wa Nyakach na jirani yake hawasalimiani.

Na usiambiwe kwamba kazi ya huku ni ndogo. Wakili Mwafrika wa kwanza Kenya, Argwings-Kodhek, alikuwa mtu wa Gem, Siaya. Alifungua ofisi yake mwenyewe, na miaka ya 1950 akasimama na washtakiwa wa Mau Mau wakati ambapo kusimama nao kulikuwa hatari. Leo barabara nzima ya Nairobi ina jina lake. Alijulikana kwa wateja ambao wengine waliwaogopa, watu wa kawaida waliokuwa na shida ya kweli.

Sasa kuna yule wa mwisho, nimeshamsikia: "Wewe uliacha chuo, unatufundisha nini?" Sheria sikufundishi. Siwezi kusimama mbele ya jaji hata dakika moja. Ninachojua ni kinachomfanya mtu asome mstari wa pili. Kazi yangu inategemea hiyo. Na mtu husoma mstari wa pili pale ule wa kwanza unapomwambia kitu kuhusu maisha yake mwenyewe. Wakili wa Kisumu ni mtu kama wengine. Ukimwonyesha ile shida iliyo mezani pake leo asubuhi, atasoma mpaka mwisho.

Kwa hivyo wiki hii usifungue kompyuta kwanza. Vaa shati safi, beba daftari. Korti zinaanza saa tatu asubuhi. Ingia polepole, zima simu, kaa benchi la nyuma, uandike. Barua itakuja yenyewe.