Mgeni Akipanga Mwenge, Ama Kafulia Ama Katumwa

Kauli hiyo niliisikia kwenye kikao cha kamati ya harusi, katika baa moja ya Sinza, Dar es Salaam, tulipokuwa tumeshamaliza kugombana kuhusu ahadi za michango na sasa tunasubiri kuku. Mtu akamtaja kijana wa Kihispania aliyepanga chumba na sebule Mwenge, upande wa Lufungila, ambaye asubuhi huonekana kwenye foleni ya chapati kama sisi wengine. Bwana mmoja mhasibu, shati limenyooka, akafuta midomo na kutoa hukumu: "Mzungu kupanga Mwenge? Huyo ama kafulia, ama katumwa." Meza nzima ikaangua kicheko. Mwenyekiti naye akaongezea kwamba mgeni mwenye akili zake anakaa Masaki, na ukimkuta kwingine ujue ana lake jambo.

Mimi nilikabidhi mchango wangu nikaondoka kabla kuku hajaletwa. Kwa bei ya kuku ya siku hizi, mnaonifahamu mtajua nilikuwa nimekasirika kweli.

Kilichonikera zaidi ni kwamba mhasibu yule hakuwa anasema jambo geni. Mji mzima unaamini hivyo. Dalali anaamini, dereva wa teksi pale uwanja wa ndege anaamini, mwajiri anaamini hadi ameliweka kwenye mkataba. Mgeni hajaulizwa kazi yake iko wapi, ana familia au hana, anapenda bahari au anaiogopa, tayari ameshapangiwa. Masaki. Ikishindikana, Oysterbay. Ikishindikana kabisa, Mikocheni, na hapo wenzake watamwonea huruma. Anayefundisha Chuo Kikuu, pale Mlimani, ambaye angepanga Mwenge na kufika darasani kabla chai haijapoa, anapelekwa rasi ya Msasani kwenye maji, kisha kila asubuhi anakula foleni kuja huku huku tulikomkataza kulala.

Sasa jiulize ramani hiyo aliichora nani. Wajerumani waliianza na Waingereza wakaikamilisha. Miaka ya 1920 mji uligawanywa kanda tatu: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini kwenye maduka, Uswahilini kule Kariakoo na Ilala. Pale Mnazi Mmoja ikaachwa ardhi wazi makusudi ili watu wasikaribiane, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya: eti mbu aliyemuuma Mswahili asipate njia ya mkato kwenda kwa Mzungu. Mbu hawakuwa wamesoma ramani. Oysterbay ikajengwa iwe kitongoji cha Wazungu. Ulipofika mpango mkuu wa mji wa mwaka 1949, maneno ya rangi yalikuwa yameanza kuona haya, basi likatafutwa neno la kitaalamu: msongamano. Msongamano mdogo Oysterbay, wa kati Upanga, mkubwa Magomeni na Temeke. Kila aliyesoma alijua nani anakaa wapi bila kutajiwa rangi ya mtu.

Mwaka 1961 bendera ilibadilishwa. Ramani ile haikuguswa. Imehamia kichwani mwa mhasibu wangu, na anailinda bila mshahara.

Kuna kituo cha daladala hapo Sinza, jirani zetu kabisa, ambacho makonda wanakiita kwa sauti tangu alfajiri hadi usiku: kwa Remmy. Huyo Remmy alikuwa mgeni. Remmy Ongala alizaliwa Kongo mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga muziki na Orchestra Makassy, baadaye akawa Daktari wa Super Matimila. Aliishi Sinza, na mkewe, mwanamke wa Kiingereza, aliishi Sinza. Walilea watoto huko. Hapakuwa na kamati ya harusi iliyowaambia wahamie kwenye maji. Alipofariki Desemba 2010 mji mzima ulimlilia, na kituo kikabaki na jina lake. Haya, nitajieni kituo kimoja Masaki chenye jina la mgeni aliyewahi kupanga huko. Kimoja tu. Nitasubiri. Wamepita wangapi, mkurugenzi huyu na mshauri yule, na walipoondoka aliyejua ni mlinzi wa getini pekee, kwa sababu ndiye aliyebeba masanduku.

Mtaniambia Remmy alikuwa Mwafrika, hivyo hahesabiki. Hapo ndipo nilikuwa nawasubiri! Kwa hiyo Mkongo akipanga Sinza ni jirani, Mchina akipanga Kariakoo ni mfanyabiashara, Mrundi akipanga Temeke hatumuoni hata kidogo, na mwenye ngozi nyeupe peke yake ndiye "katumwa"? Basi tuache kusingizia usalama na huduma. Tuseme wazi kwamba bado tunampangia Mzungu kitanda chake kilekile cha mwaka 1949.

Na Mwenge hii tunayoionea aibu imepata jina duniani kwa kazi ya nani? Mabasi ya watalii yanashusha watu kwenye soko la vinyago. Wachongaji wengi wa Kimakonde waliofanya mpingo wa Dar es Salaam ujulikane ni watu waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, na wengine ni watoto na wajukuu wao. Wageni hao walipanga vyumba vya kawaida, wakakaa kwenye vumbi la kawaida, wakatengeneza vitu ambavyo leo vimewekwa kwenye sebule za mabalozi huko Masaki. Hata michoro ya Tingatinga, ambayo Wazungu wa Oysterbay walikuwa wakiinunua pale Morogoro Stores, mwenyewe Edward Tingatinga alikuwa akiishi Msasani Mikoroshoni, uswahilini. Kila kitu kizuri kilichopo ndani ya kuta za rasi kimetoka nje ya kuta hizo.

Najua mmeshaandaa neno usalama. Sawa, tuzungumze usalama. Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa kwenye kifurushi. Alikifungulia wapi? Katika nyumba ya Oysterbay. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani ulilipuliwa na watu 11 wakafa. Ulikuwa wapi? Laibon Road, Oysterbay. Mtasema hayo yalikuwa mambo ya siasa kubwa. Ndiyo, na siasa kubwa huwa haiji Lufungila kufuata mtu anayenunua chapati. Wezi wadogo nao, hawa wa kupora mikoba wakiwa kwenye bodaboda, wanapenda barabara pana zisizo na watu. Balozi za nje zenyewe huwaonya raia wao wawe macho wanapotembea rasi ya Msasani. Kule ukiporwa unapiga kelele, anatoka mbwa. Hapa mtaani kwetu ukipiga kelele anatoka mama wa genge, fundi viatu, vijana wa kijiwe cha bodaboda na mtu aliyekuwa anaoga. Mgeni anayefahamika kwa jina, ambaye mjumbe anajua mlango wake na muuza maji anajua zamu yake, ana ulinzi ambao kampuni za ulinzi haziwezi kuuandikia ankara.

Hoja iliyobaki, na ndiyo mhasibu aliishikilia alipoona nimenyanyuka, ni kelele. "Huko Mwenge kuna kelele, hawezi kulala." Naomba mnisaidie kucheka. Kijana ametoka Uhispania, nchi ambayo watu wanakaa mezani kula chakula cha usiku saa nne, na tunahofia adhana ya alfajiri itamuua? Na nani kawaambia Masaki watu wanalala? Baa na kumbi za muziki zilizojaa kule zinapiga hadi ndege wanaamka, umeme ukikatika majenereta yanachukua zamu, na Jumapili asubuhi mtu mmoja anamwagilia majani kwa pampu. Tofauti ni kwamba kelele za kule zimelipiwa kwa dola.

Hilo la dola tulipitie kidogo maana linanichoma. Kwa miaka mingi mwenye nyumba wa Masaki, Mtanzania mwenzetu, amekuwa akitaja kodi kwa dola kana kwamba nyumba ameijenga Miami. Machi 2025 zikatoka kanuni za kukataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni. Vizuri. Sasa bei inaandikwa kwa shilingi, ila ukiitazama vizuri unaona dola imekaa nyuma yake inachungulia. Na hapa ndipo siri ya imani nzima ilipo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa hiyo wageni wengi ni wapangaji, tena wapangaji ambao kodi yao analipa mwajiri. Mtu wa namna hiyo akigundua kwamba Mwenge anapata nyumba ya heshima, Mlimani City iko pale, Hospitali ya Kairuki iko Mikocheni hapo jirani, na pesa ya mwezi mmoja wa rasini inampa miezi kadhaa ya huku, biashara ya watu itaharibika. Kwa hiyo lazima atishwe. Atishwe na dalali, atishwe na wenzake, na sisi kwenye vikao vya harusi tumtishe bure bila hata kamisheni.

Wenye nyumba wa Mwenge nao nisiwapake mafuta. Wakiona nywele laini tu, chumba cha laki tatu kinapanda hadi laki saba kabla mtu hajafuta miguu. Halafu tunashangaa kwamba wageni hawaji.

Anayepoteza zaidi ni mgeni mwenyewe. Nimekutana na watu waliokaa mji huu miaka na bado hawawezi kuagiza nusu kilo ya nyanya. Wanajua njia ya kwenda Slipway, njia ya kwenda ofisini na njia ya kwenda uwanja wa ndege. Waswahili wanaowajua ni dereva, dada wa kazi na mlinzi, yaani watu watatu ambao wote wanalipwa kuwakubalia. Kisha mtu huyohuyo anaandika ripoti kuhusu maisha ya wananchi wa kipato cha chini, na sisi tunaitwa kwenye semina ya hoteli kuelezwa namna tunavyoishi. Tunaenda, maana kuna posho. Tunatikisa vichwa, tunakula, tunasaini. 

Wapo waliochagua tofauti. Walter Rodney alitoka Guyana, akaja kufundisha Mlimani mwaka 1966, mwendo wa miguu kutoka hapa ninapoandika. Mwaka 1968 alihamia Jamaika. Jamaika nayo ina Masaki yake, vilima vilivyo juu ya Kingston, na mhadhiri alitarajiwa kukaa huko juu akitazama mji kwa chini kama ramani. Yeye akashuka. Alikaa na Marasta na maskini kwenye vijiwe vyao, wakizungumza historia ya Afrika. Serikali ikaogopa kiasi kwamba Oktoba mwaka huohuo, alipokuwa anarudi kutoka mkutanoni Kanada, ikamzuia kuingia nchini, na Kingston ikawaka. Bila shaka huko nako kulikuwa na mhasibu mezani aliyesema katumwa. Rodney akarudi kwetu mwaka 1969, na kitabu chake kikubwa, kile cha namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kikatoka mwaka 1972, kikichapishwa London na hapa Dar es Salaam. Kitabu kile hakikuandikwa na mtu wa kuchungulia watu kutoka kilimani. Na Pete O'Neal, aliyekuwa kiongozi wa Black Panther huko Kansas City, alipoikimbia Marekani na hatimaye kufika Tanzania, hakutafuta ufukwe. Alikwenda kijiji cha Imbaseni, Arumeru, akajenga, na mahali pake pakawa shule na kituo cha watoto wa kijiji.

Mwenzangu mmoja amenijibu kwamba hata Mwalimu Nyerere aliishi Msasani. Ndiyo. Na kabla ya hapo aliishi Magomeni, na nyumba iliyogeuzwa kuwa makumbusho ya kupigania uhuru ni ile ya Magomeni. Isitoshe, Msasani yenyewe ni kijiji cha wavuvi kilichokuwepo kabla ya kuta zote hizi, na mpaka leo nyuma ya majumba kuna Bonde la Mpunga, ambako mvua za masika zikishuka maji hayaulizi pasipoti. Yaani hata huko mnakomkimbizia mgeni, uswahili umemtangulia.

Mhasibu, kama unasoma: nyumbani kwako ni Mwenge, nyuma ya kituo cha mafuta, nilishakuja pale kwenye msiba wa mama mkwe wako. Watoto wako wamezaliwa hapo. Ukisema mahali hapo hapamfai mtu mwenye akili zake, umemwambia nani? Mimi siwezi kukaa mezani na mtu anayetukana kitanda chake mwenyewe ili wageni wacheke, tena wageni wenyewe hawakuwepo.

Kwa yule Mhispania na wenzake watakaokuja: dalali atataka kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kukuonyesha mlango. Wote tunalipa, tunalalamika, tunalipa tena. Usikubali hela ya usumbufu juu yake. Uliza Luku ni ya kwako peke yako au mnachangia na duka la vinywaji la mbele, maana friji za soda zinakula umeme usiku kucha. Uliza maji ya DAWASA yanatoka siku gani, na usiridhike na jibu la "yanatoka tu." Nenda ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe kabla hujatandika kitanda. Ukiweza, njoo kuona nyumba mwezi wa nne, siku ya mvua, usimame uani uone maji yanaelekea wapi. Mwenye nyumba akitaka mwaka mzima mkononi, mpe miezi sita, na mkataba usomwe mbele ya mjumbe.

Chapati za pale kona zinaisha saa mbili asubuhi.