Mganga Hajigangi: Ni Nani Amfundishe Mhadhiri Kufundisha?

Katika mfumo wa elimu wa Kenya, kadiri mwanafunzi anavyopanda ngazi ndivyo sharti la ualimu kwa anayemfundisha linavyolegea. Mwalimu wa shule ya msingi au ya sekondari hana budi kusomea ualimu, kutazamwa akifundisha na kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) kabla ya kuajiriwa. Mkufunzi wa chuo anuwai naye, kwa mujibu wa sheria ya mafunzo ya kiufundi ya mwaka 2013, hutakiwa kupata leseni ya TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo hivyo. Mhadhiri wa chuo kikuu hadaiwi leseni ya namna hiyo. Kinachopewa uzito anapoajiriwa na anapopandishwa cheo ni shahada ya uzamifu, iliyosisitizwa na vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya mwaka 2014, pamoja na alama za machapisho ya utafiti. Mjini Kisii tofauti hiyo iko wazi: mkufunzi wa Chuo Anuwai cha Kitaifa na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kisii huenda wakawafundisha ndugu wawili waliotoka nyumba moja huko Nyamira, lakini ni mmoja tu kati ya walimu hao wawili ambaye sheria inamdai uthibitisho kwamba anaijua kazi ya kufundisha.

Hali hii inashangaza zaidi mtu akiikumbuka historia ya Chuo Kikuu cha Kisii chenyewe. Kilianza mwaka 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi, mwaka 1983 kikageuzwa kuwa cha walimu wa sekondari, kikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Egerton kuwa bewa lake mwaka 1994, kikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 2007, na mwezi wa Februari 2013 kikapewa hati ya kujitegemea. Kwa maneno mengine, ualimu ndio mzizi wake, na hadi leo wanafunzi wake wa shahada ya elimu hupelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, ambako mhadhiri huketi nyuma ya darasa akiwa na fomu mkononi, akikagua andalio la somo, matumizi ya ubao, namna maswali yanavyoulizwa na jinsi muda unavyogawanywa. Mhadhiri huyohuyo, akirudi bewani, huenda akapita mlangoni mwa mwenzake wa kemia, biashara au kilimo ambaye tangu aajiriwe hajawahi kuketiwa nyuma na mtu yeyote. Waswahili husema mganga hajigangi, na katika suala hili vyuo vikuu vingi vya Afrika Mashariki vinaithibitisha methali hiyo.

Wanaotetea hali ilivyo huwa na hoja moja kuu, kwamba anayelijua somo lake kwa kina atalifundisha vyema bila kufundwa. Hoja hiyo ilijibiwa mwaka 1986 na mtaalamu wa elimu wa Marekani, Lee Shulman, aliyeonyesha kuwa kati ya kulijua somo na kuzijua mbinu za jumla za kufundisha kuna ujuzi wa tatu, yaani kujua jinsi somo hilo mahususi linavyoeleweka na linavyokosewa na anayelianza. Mchongaji hodari wa mawe huko Tabaka, katika kaunti ya Kisii, hulipapasa jiwe akajua litakapopasuka, lakini mwanagenzi hafaidiki na ujuzi huo mpaka mchongaji apate namna ya kumwonyesha mshipa wa jiwe na kumwacha akosee katika kipande kisicho na thamani kubwa. Uzamifu humfundisha mtu kulipapasa jiwe. Namna ya kuuonyesha mshipa ni somo jingine, na katika vyuo vikuu vingi halina mahali maalumu pa kufundishiwa.

Upungufu huo hujitokeza zaidi katika tathmini, yaani kazi ya kupima kile mwanafunzi alichojifunza, kuliko katika mhadhara wenyewe. Katika vyuo vikuu vingi vya Kenya, tathmini endelevu inayofanywa muhula ukiendelea, ambayo wanafunzi huiita “CAT”, hubeba asilimia 30 ya alama, na mtihani wa mwisho hubeba asilimia 70. Kwa mgawanyo huo, swali la mtihani ndilo linaloamua mwanafunzi asome nini na asome vipi, hata kama muhtasari wa kozi umeandikwa kwa lugha ya kuvutia kiasi gani. John Biggs alieleza mwaka 1996 kwamba malengo ya kozi, shughuli za darasani na tathmini havina budi kuelekea upande mmoja. Vinapoachana, mwanafunzi hufuata mtihani na kuyapa malengo kisogo.

Mfano wa kozi ya sayansi ya udongo unaweza kulidhihirisha hilo. Mtahini anaweza kuuliza, “Taja sababu tano za udongo kuwa na tindikali,” na mwanafunzi aliyekariri daftari usiku wa kuamkia mtihani atapata alama zote. Mtahini huyo anaweza pia kuuliza kuhusu mkulima wa Nyansiongo aliyeng’oa michai iliyotiwa mbolea ya NPK kwa miaka 30 na sasa anataka kupanda maharage, kisha akamtaka mwanafunzi aeleze hatua za kuchukua kabla ya msimu na sababu zake. Hapo mwanafunzi atalazimika kukumbuka kuwa mchai hustahimili tindikali ambayo maharage hayaiwezi, kuwa mbolea yenye naitrojeni nyingi huizidisha, kuwa udongo unapaswa kupimwa kabla ya kutiwa chokaa, na kuwa bakteria wanaolisaidia haragwe kupata naitrojeni hudhoofika katika udongo wa aina hiyo. Maswali yote mawili yanatoka katika mada moja, ila la pili linahitaji mwongozo wa kusahihisha unaosema waziwazi ni alama ngapi zinakwenda kwa hatua na ngapi kwa sababu, kwa kuwa bila mwongozo huo wasahihishaji wawili watatoa alama zinazotofautiana sana kwa jibu lilelile. Kuandika swali na mwongozo wa namna hiyo ni ufundi wenye kanuni zake, na mtu hauokoti njiani.

Hata hivyo, haitakuwa haki kumlaumu mhadhiri bila kuitazama kazi anayobebeshwa. Darasa la wanafunzi 200, kila kijitabu cha majibu kikisomwa kwa dakika 15, ni saa 50 za kusahihisha kwa kozi moja tu, na wahadhiri wengi hubeba kozi kadhaa. Wahadhiri wa muda, wanaolipwa kwa kozi na wanaosafiri kutoka chuo hadi chuo, mara nyingi hawana hata ofisi ya kukutana na mwanafunzi, na migomo ya wahadhiri kuhusu malipo, ukiwemo ule wa mwaka 2025 uliodumu wiki kadhaa, huibana mihula mpaka mada za wiki mbili zikafundishwa kwa siku mbili. Katika mazingira hayo, swali la “taja” huwa zaidi njia ya mtu kujinusuru kuliko dalili ya ujinga. Mafunzo ya ualimu hayawezi kuwa kisingizio cha serikali kukwepa wajibu wake wa kuajiri na kulipa.

Kuna pia hofu kwamba mafunzo ya lazima yatazaa cheti kingine tu. Hofu hiyo ina msingi, kwa maana Uingereza, ambako ripoti ya Dearing kuhusu elimu ya juu ya mwaka 1997 ilipendekeza wahadhiri wapya wafundwe kufundisha, baadhi ya wasomi wamekuwa wakilalamika kuwa kozi hizo ni nadharia iliyotengana na masomo yao. Katika Afrika Mashariki, mradi wa TESCEA wa kuboresha ufundishaji wa vyuo vikuu, uliotekelezwa kati ya mwaka 2018 na 2021 katika vyuo vikuu vya Dodoma, Mzumbe, Gulu na Uganda Martyrs, ulichukua njia tofauti: wahadhiri waliketi pamoja wakazisanifu upya kozi walizokuwa wakizifundisha, kiasi kwamba mafunzo na kazi vikawa kitu kimoja. Chama cha wanataaluma cha AFELT, chenye makao Kenya, kilishiriki katika mradi huo, kwa hiyo ujuzi wa njia hiyo umo nchini.

Wakati nao hausubiri. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi, ambao hupima kile mwanafunzi anachoweza kukifanya pamoja na anachokikumbuka, waliingia sekondari ya juu Januari 2026 na wanatarajiwa vyuoni mwaka 2029. Watakuwa wamezoea miradi, kazi za vikundi na majalada ya kazi zao, na chuo kitakachowapokea kwa imla na maswali ya “taja” kitakuwa kinawarudisha walikotoka wazazi wao.

Kwa kuzipima hoja hizi zote, lililo na mashiko ni kwamba ualimu uwe sharti la kazi ya uhadhiri, ila sharti hilo lianzie katika tathmini na lisimamiwe na watu wa idara yenyewe. Karatasi ya mtihani, pamoja na mwongozo wake wa kusahihisha, isomwe na wenzake mhadhiri aliyeitunga kabla ya kuchapishwa, bila kungoja mtahini wa nje aione mwishoni; ubora wa ufundishaji utengewe alama za kupandishwa cheo kama yanavyotengewa machapisho; na mhadhiri wa muda alipwe kwa saa anazohudhuria vikao vya kusoma karatasi hizo. Kwa chuo kama cha Kisii, hatua ya kwanza haihitaji jengo wala mfadhili. Inatosha mhadhiri wa elimu aliyezoea kuketi nyuma ya darasa huko Nyamira aketi, kwa mwaliko, nyuma ya ukumbi wa mwenzake wa kilimo, kisha juma lifuatalo yule wa kilimo aje kuketi nyuma ya ukumbi wake. Mganga hajigangi, lakini hakuna mila inayomkataza kugangwa na mganga mwenzake.