MAMBO YA NYUMBANI: Kusafisha Miwani Bila Kuiharibu

Mwenye miwani akiona ukungu mbele ya macho yake, mara nyingi hufanya jambo moja bila kufikiri. Huivua miwani kwa mkono mmoja, huvuta upindo wa shati lake, hukipulizia kioo pumzi, kisha husugua. Jambo hili laonekana kila mahali, ofisini, kanisani, sokoni na ndani ya basi. Walimu hulifanya mbele ya watoto, na makarani hulifanya huku wakizungumza na watu dirishani. Wala hapana aonaye ubaya wake, kwa kuwa kioo hung'aa mara hiyo hiyo. Lakini baada ya mwaka mmoja au miwili mtu yule yule huanza kulalamika ya kuwa macho yake yamezidi kudhoofu, kwamba taa za motokaa usiku humtawanyikia kama nyota, na kwamba herufi ndogo hazisomeki tena. Huenda kwa mganga wa macho akitaka miwani yenye nguvu zaidi. Mganga huishika ile ya zamani, huielekeza kwenye mwanga wa dirisha, naye huona mikwaruzo myembamba isiyo na idadi, mingi yake katikati ya kioo, pale pale jicho linapotazamia. Macho hayakuzidi kudhoofu. Kioo ndicho kilichozeeka, nacho kilizeeshwa na upindo wa shati.

Jambo hili si dogo kwa mtu ambaye riziki yake yategemea macho. Karani wa chama cha ushirika aandikaye kilo za kahawa akisoma 3 mahali penye 8, mkulima hupunjwa, na ugomvi wa siku ya malipo hauishi upesi. Mkulima naye, asimamapo na chupa ya dawa ya kupe mkononi, hana budi kusoma maandishi madogo mno yaelezayo kiasi cha dawa na kiasi cha maji. Akikosea, ama kupe hawafi, ama ng'ombe hudhurika. Mtu akikaribia umri wa miaka 40 au 45, kile kioo cha asili kilicho ndani ya jicho huanza kuwa kigumu, ndipo aonekanapo akilisogeza gazeti mbali mpaka mkono unakwisha. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa miongoni mwa wachuma chai 751 wa Assam, nchini India, wote wenye umri wa miaka 40 au zaidi. Baadhi yao walipewa miwani ya kuonea karibu tangu mwanzo, na wengine wakangoja mpaka uchunguzi uishe. Wale waliopewa waliwazidi wenzao kwa uchumaji kwa zaidi ya sehemu moja ya tano. Wakulima wadogo wa Kericho, Nyeri na Kisii, wachumao kwa mkono majani mawili na chipukizi lake, watafahamu vema maana ya hesabu hiyo. Lakini faida iliyoletwa na miwani yaweza kupotea pole pole, bila mwenyewe kujua, kwa kupangusa vibaya.

Yafaa kujua ni nini hasa kikwaruzacho. Si kitambaa chenyewe, kwa kuwa pamba ni laini kuliko kioo. Ni vumbi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mjerumani mmoja, Friedrich Mohs, aliyapanga madini kwa ugumu wake, toka namba 1, yaliyo laini hata husagwa kuwa poda ya kujipaka, mpaka namba 10, yaani almasi. Lililo gumu hulikwaruza lililo laini, wala halikwaruzwi nalo. Kioo cha kawaida chapata kama 5 na nusu. Punje ngumu za mchanga mweupe zapata 7. Katika vumbi la barabarani mna punje za namna hiyo, ndogo hata hazionekani kwa macho. Basi mtu apanguse kioo kikavu chenye vumbi, ni sawa na seremala apigaye ubao msasa. Pumzi haimsaidii sana. Unyevu wake ni kidogo mno. Hulilowesha vumbi likashikamana, lakini hauna nguvu ya kulichukua. Na mate ni mabaya zaidi, maana huacha utelezi juu ya kioo na kukusanya vumbi jipya, kuacha ile aibu ya kutema mate mbele za watu.

Wazee husema ya kuwa zamani walipangusa miwani zao kwa nguo yo yote, nazo zilidumu miaka kumi. Wasemayo yana ukweli wake. Miwani zile zilikuwa za kioo hasa. Mwaka 1940 ilibuniwa huko Marekani plastiki iliyopewa jina la CR-39, kwa kuwa ilikuwa jaribio la 39 katika majaribio ya watengenezaji wake. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili ilitumika katika ndege za kivita, na mwaka 1947 vikatengenezwa vioo vya kwanza vya miwani kwa plastiki hiyo. Uzito wake ni karibu nusu ya uzito wa kioo, na pua ya mvaaji ilishukuru. Baadaye ikaja plastiki nyingine iitwayo polikaboneti, isiyovunjika kwa urahisi hata ikigongwa, ndiyo maana hupewa watoto na mafundi. Lakini hiyo ni laini zaidi tena kwa mikwaruzo. Siku hizi miwani nyingi zinazouzwa, mjini na hata magengeni, ni za plastiki, ijapokuwa watu huendelea kusema "vioo". Desturi ya kupangusa ni ile ile ya babu, bali kitu kipanguswacho kimebadilika.

Juu ya plastiki watengenezaji hupaka utando mgumu wa kuikinga, na juu ya huo, kwa miwani za bei zaidi, utando mwingine uzuiao mng'ao. Huu wa kuzuia mng'ao ulibuniwa mwaka 1935 na Alexander Smakula katika kampuni ya Zeiss huko Jena, Ujerumani. Unene wake haufikii hata sehemu moja ya mia ya unene wa unywele. Adui yake mkubwa ni joto. Miwani ikiachwa juani mbele ya kioo cha motokaa, au karibu na jiko, plastiki hutanuka sana lakini utando haufuati, nao hupasuka nyufa ndogo ndogo kama tope la kidimbwi kilichokauka. Nyufa hizo hazina dawa. Kwa sababu hiyo hiyo maji ya moto hayafai kwa miwani, ijapokuwa wengi hudhani ya kuwa maji ya moto ndiyo yasafishayo kila kitu.

Sasa njia yenyewe. Kwanza mtu na anawe mikono, kwa kuwa mikono yenye mafuta ya kujipaka, au yenye udongo wa shamba, haiwezi kusafisha kitu. Kisha aimiminie miwani maji safi, ya baridi au ya vuguvugu, pande zote mbili, kabla hajakigusa kioo hata kwa kidole. Hapa ndipo penye shughuli nzima, na ndipo watu wapitapo kwa haraka. Maji yamiminikayo huzichukua punje za vumbi. Kidole kikitangulia maji, punje husagwa juu ya kioo. Baada ya hayo atie tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ile isiyochanganywa na mafuta ya kulainisha mikono, asugue taratibu kwa ncha za vidole, mbele na nyuma ya kioo, na pembezoni mwa fremu ambapo jasho na uchafu hujificha. Vile vidude viwili vikaavyo juu ya pua vyataka kuangaliwa zaidi; mara nyingi huota kutu ya kijani kwa jasho, na mswaki laini wa zamani huvisafisha vizuri, mradi usiguse kioo. Sabuni ya unga isitumike, maana chembe zake zisizoyeyuka ni msasa mwingine. Asiye na sabuni ya maji na atumie maji matupu, yatosha kwa siku nyingi. Kisha aisuuze miwani mpaka utelezi uishe, aikung'ute, na aikaushe mara moja.

Maji nayo hutofautiana. Maji ya mvua kutoka kwenye tangi ni mema kuliko yote. Maji ya mto, hasa wakati wa masika, yana mchanga ndani yake, na kuyachemsha hakuondoi mchanga. Na yaachwe yatulie usiku kucha, kisha yatekwe ya juu tu na kuchujwa kwa kitambaa safi. Maji ya visima vingi virefu yana chumvi, nayo yakikaukia juu ya kioo huacha madoa meupe. Kwa hiyo asiiache miwani ikauke yenyewe juani, bali aipanguse ingali na unyevu.

Kitambaa kizuri cha kupangusia ni kile kidogo kipewacho mnunuzi pamoja na kasha la miwani. Kimefumwa kwa nyuzi nyembamba ajabu za namna iliyoanza kutengenezwa huko Japani mnamo mwaka 1970. Uzi mmoja wake wenye urefu wa mita 9,000 haufikii uzito wa gramu moja. Nyuzi hizo huinua mafuta badala ya kuyasambaza. Lakini mtu akikibeba mfukoni pamoja na funguo, senti na tumbaku, kitambaa hicho huwa chombo cha kukwaruzia kama vingine. Na kifuliwe mara kwa mara kwa sabuni kidogo, pasipo dawa ya kulainishia nguo, ambayo huacha mafuta. Asiyekuwa nacho aweza kutumia kipande cha nguo kuukuu ya pamba, hata cha kanga iliyochakaa, mradi kiwe kimefuliwa, kimekauka mahali pasipo vumbi, na kimetengwa kwa kazi hiyo tu. Tai ya karani haifai, maana hufuliwa kwa nadra sana. Karatasi za chooni na za mezani hazifai pia, kwa kuwa zimetengenezwa kwa mti, na nyuzi za mti ni kali kwa plastiki. Wala gazeti lisitumike, hata hili. Linafaa kwa vioo vya madirisha.

Yako mambo mengine yatendwayo kwa nia njema na kuleta hasara. Majivu, yasafishayo sufuria hata zikametameta, huiharibu miwani siku moja. Dawa ya meno husifiwa na wengi kwamba huondoa mikwaruzo. Ndani yake mna unga mgumu uliowekwa kusugulia meno, nao hula utando wote na kuacha ukungu mahali palipokuwa na mstari mmoja tu. Mkwaruzo ulioingia hautoki. Dawa yake ni kioo kipya. Siki, dawa za kusafishia madirisha zenye amonia, na dawa ya kuondolea rangi ya kucha zisikaribishwe kabisa, kwa maana hii ya mwisho huiyeyusha polikaboneti. Mkulima apuliziaye mimea dawa na aioshe miwani yake mara amalizapo kazi, pamoja na mikono na uso, kabla hajaila chakula.

Kuhusu kuiweka, maneno ni machache. Ivuliwe kwa mikono miwili, isije ikapanuka upande mmoja. Ikiwekwa mezani, vioo vitazame juu. Isikae mfukoni bila kasha, wala isipandishwe juu ya kichwa kama kofia. Parafujo ndogo za mikono yake zikazwe zikianza kulegea, kwa kuwa parafujo iliyoanguka nyasini haionekani tena, hasa na mtu asiye na miwani.

Yuko mtu aliyeiosha miwani kwa njia hii, akaielekeza kwenye mwanga asione mkwaruzo hata mmoja, naye bado aona ukungu. Huyo asijilaumu kwa upanguzaji wake, wala asinunue miwani nyingine sokoni. Yamkini ana mtoto wa jicho, ugonjwa uwapatao wazee wengi, ambao hautibiwi kwa miwani wala kwa matone ya dawa, bali kwa kupasuliwa. Kile kioo cha asili kilichopata ukungu huondolewa na kingine cha plastiki huwekwa mahali pake. Mwaka 1949 Harold Ridley alikuwa wa kwanza kufanya hivyo, mjini London, na tangu wakati huo kazi hiyo imeendelea hata ikawa ya kila siku katika hospitali za macho. Mgonjwa aendapo kupimwa achukue miwani yake ya zamani, hata ikiwa imevunjika, kwa sababu mganga aweza kupima nguvu ya vioo vyake na kujua macho yalikuwaje hapo awali.