Eti "alikuwa na magonjwa mengine"? Tafuteni sentensi ingine

Wasee, kuna sentensi moja nataka tuizike leo, bila matanga, bila mchango.

"Marehemu alikuwa na magonjwa mengine."

Mnaikumbuka vizuri. 2020, Waziri Mutahi Kagwe anasimama mbele ya maikrofoni, anasoma sampuli zilizopimwa, anasoma walioshikwa, anasoma waliokufa, halafu inakuja hiyo. Kifo cha kwanza cha korona Kenya, tarehe 26 Machi 2020, kilikuwa cha mzee wa miaka 66. Alikuwa na kisukari, tukaambiwa. Na nchi nzima ikashusha pumzi. Aah, kisukari. Kumbe si sisi.

Hiyo "si sisi" ndiyo nimekuja kugombana nayo. Juzi niliweka video ya dakika moja kuhusu wagonjwa wa figo na korona, na komenti iliyopata moyo mingi kuliko zote ilisema: "Korona haikuua mtu Kenya, iliua wagonjwa." Mia nne na kitu wakaipenda. Manze, mia nne. Kwani mgonjwa ni nani, si mtu?

Sasa tuongee polepole. Figo yako, wewe unayesoma hii ukiwa kwa matatu, inafanya kazi saa 168 kwa wiki. Hailali. Ikikufa, kazi yake inafanywa na mashine: damu inatolewa mwilini, inapitishwa kwa chujio, inarudishwa. Saa nne kila ukienda. Ulimwenguni kawaida ni mara tatu kwa wiki. Enzi za NHIF hapa kwetu kifurushi kililipia mara mbili, shilingi 9,500 kila mara. Piga hesabu: saa nane kwa wiki, badala ya 168. Huyo mtu tayari anaishi kwa kuazima.

Halafu sumu ambayo figo ingetoa ikibaki mwilini inachosha kinga. Ndio maana hata chanjo ya homa ya ini aina ya B mgonjwa wa mashine hupewa dozi kubwa kuliko yako na yangu, kwa sababu mwili wake hauitikii vile wako unaitikia. Na wengi wao walifika hapo kupitia kisukari au presha, kwa hivyo moyo na mishipa pia imechoka. Sajili ya wagonjwa wa figo ya Ulaya ilipohesabu mwaka 2020, kati ya watu wa mashine walioshikwa korona, zaidi ya mmoja kwa kila watano alikufa ndani ya siku 28. Hiyo ni Ulaya, penye vitanda na oksijeni. Sisi huku tulikuwa tunaimbiwa "kaa nyumbani".

Kaa nyumbani! Hiyo ndiyo inaniudhi kabisa. Hiyo amri iliandikwa na mtu mwenye figo mbili. Mgonjwa wa mashine akikaa nyumbani wiki moja au mbili, amekufa. Lazima atoke, lazima apande gari, lazima aingie chumba kimoja na wengine sita, saba, wote kinga iko chini, wakae saa nne wakipumua hewa moja, na hewa ya Eldoret ya mwezi wa saba mnaijua, hakuna mtu anafungua dirisha. Arudi tena siku tatu baadaye. Kama virusi vingepewa kazi ya kuchora mahali pa kuishi, vingechora hapo.

Nilikuwa kidato cha tatu shule zikafungwa, kwa hivyo mimi ndio nilikuwa napeleka anko wangu. Tunatoka Langas saa kumi na moja alfajiri, kafyu ikiisha tu. Matatu ya watu 14 inabeba 8, nauli ya 30 imekuwa 50, na hao 8 wote wakimuona anakohoa wanamwangalia kama bomu. Mwezi wa saba akapata homa. Kituo alichokuwa anaenda (jina nalihifadhi, na msiniulize kwa DM) kikamwambia hawezi kuingia hadi majibu ya korona yatoke. Sawa, nikaelewa, wanalinda wale wengine. Lakini akienda wapi? Hakuna aliyetuambia kuna mashine gani ya mtu anayesubiri majibu. Alikaa siku tano. Miguu ikafura, uso ukafura, usiku wa nne akawa hawezi kulala chini, anakaa kwa kiti akivuta hewa kama mtu amezama.

Na hapa ndio pahali daktari yeyote atakwambia pana mtego. Mtu akikosa mashine, maji yanajaa mwilini hadi yanaingia mapafu. Anakosa pumzi. Mwenye korona pia anakosa pumzi. Kwa macho wanafanana. Kwa hivyo kadiri unavyomcheleweshea mashine kwa kumshuku korona, ndivyo anazidi kuonekana kama ana korona.

Majibu yalitoka. Hakuwa nayo. Moyo ulikuwa umeshachoka, na alimaliza wiki tatu tu baada ya hapo. Kwa mazishi mzee mmoja wa mtaa akanishika bega akaniambia, pole kijana, lakini si unajua alikuwa mgonjwa. Sikumjibu, ni mzee. Ninyi ndio nawajibu.

Anko hakufa kwa korona. Hayuko kwa hesabu yoyote iliyowahi kusomwa kwa runinga. Na nina uhakika hayuko peke yake, kwa sababu kila kitu tulichofunga 2020 na 2021, tulikifunga kama hakuna mtu anayehitaji kutembea ili aishi. Juni 2021, wimbi la Delta likiwa limeshika, kaunti 13 za magharibi na pande za ziwa zikawekewa kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Uasin Gishu haikuwa ndani. Lakini angalieni ramani: Trans Nzoia ndani, Bungoma ndani, Kakamega ndani. Hao ni majirani zetu, na Moi Referral ndio hospitali kubwa inayowahudumia. Mgonjwa wa zamu ya jioni anayetoka Kitale anamaliza mashine usiku, damu imetoka kuchujwa, kichwa kinazunguka, na barabarani kuna kizuizi cha polisi. Ndiyo, kwa karatasi dharura ya matibabu ilikuwa inaruhusiwa. Karatasi. Aliyewahi kujieleza kwa polisi usiku wakati wa kafyu anyooshe mkono.

Chanjo nayo? Dozi milioni moja na kidogo za AstraZeneca zilitua Machi 2021. Wahudumu wa afya wakaanza, walimu, polisi. Sina shida nao. Mwisho wa mwezi wakaongeza wenye miaka 58 kwenda juu. Lakini mpango wenyewe ulikuwa umeweka mtu mzima mwenye ugonjwa sugu awamu ya pili, kuanzia katikati ya mwaka. Kwa hivyo dada wa miaka 29 aliyelala kwa mashine Jumatatu na Alhamisi, mwenye hatari kuliko babu mzima wa Iten anayekimbia kilomita kumi kila asubuhi, alitakiwa angoje. Na yeye hakuhitaji hata kutafutwa! Anakuja hospitali mara mbili kwa wiki, kitanda kinajulikana, jina liko kwa daftari. Nesi angetembea hatua kumi tu na sindano.

Najua kuna msee tayari anaandika "nchi haikuwa na pesa". Acha nikusaidie. Mkaguzi Mkuu wa Serikali alipochunguza KEMSA mwaka huo huo wa 2020, alikuta ununuzi wa shilingi bilioni 7.8 uliovunja taratibu, na mzigo mwingi ukiwa umelala ghalani kwa sababu ulinunuliwa bei ya juu. Gawanya hizo kwa 9,500. Ni zaidi ya mara 820,000 za kusafisha damu. Ungewapa watu 15,000 ile mara ya tatu ya wiki, mwaka mzima, na ubaki na chenji. Nimeacha chuo lakini kugawanya sijaacha.

Mwingine ataandika "korona iliisha, tuachie". Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura Mei 2023, sawa. Dharura iliisha. Virusi bado viko, mafua yako, TB iko, na kile chumba bado ni kile kile. Oktoba 2024 SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, wagonjwa wa mashine walikuwa kati ya waliotangatanga wakiambiwa mfumo haujasoma. Tena hakukuwa na korona ya kusingizia. Na 2025 Eldoret yetu ikaingia habari za dunia kwa madai ya biashara ya figo. Wote mkawa wataalamu wa figo wiki mbili, mkatengeneza vichekesho, mkaenda. Hakuna aliyeuliza mbona kuna mtu amekata tamaa hadi anatafuta figo ya kununua. Nendeni mkakae kwa benchi la kusubiri mashine asubuhi moja tu, mtajua.

Kitu kimoja ambacho karibu hakuna mtu huongea: si lazima kila mtu aende kwa mashine. Kuna dayalisisi ya tumboni. Unawekwa mrija, maji maalum yanaingia tumboni, yanavuta uchafu kupitia utando wa ndani, unayatoa. Unafanya nyumbani mwenyewe baada ya kufunzwa. Si ya kila mtu, na ukiwa mchafu wa mikono inaleta maambukizi tumboni, tusidanganyane. Lakini 2020 mgonjwa wa aina hiyo ndiye pekee angeweza kutii "kaa nyumbani" bila kufa. Kenya wanaoitumia ni wachache sana. Tulinunua mashine za kaunti kwa mkataba mkubwa wa 2015, zikazinduliwa kwa utepe na picha. Maji ya tumboni hayana utepe wa kukata.

Moi Referral iko chini ya serikali ya kitaifa, hospitali za kaunti ziko chini ya gavana, kwa hivyo kila mmoja ataniambia niulize mwenzake. Nitauliza wote. Bajeti ya kaunti ikiletwa kwa maoni ya wananchi nitakuwa hapo na simu yangu, narekodi, na maswali ni mawili: wangapi Uasin Gishu wamefunzwa kujisafisha nyumbani, na homa ingine ikija, mgonjwa anayesubiri majibu ataenda mashine gani. Anayetaka kuja aache komenti. Wale mia nne pia, kujeni.