Asali ya Katavi: Je, vikundi vya nyuki vijiunge na mitandao ya kijamii?

WAFANYABIASHARA wa Tanzania wana misemo miwili inayopingana. Mmoja unasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwingine unasema biashara ni matangazo. Katika vikundi vya wafugaji nyuki mkoani Katavi, misemo hiyo miwili inaweza kugawa mkutano katika pande mbili. Vijana wangependa kikundi kifungue ukurasa Facebook au Instagram ili asali ionekane Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza. Wazee huuliza kuna haja gani, ikiwa kikundi kina ghala lake, kina mkutano wake wa kila mwezi, na wanunuzi hufika wenyewe kila msimu.

Suala hili lisichukuliwe kuwa la fasheni. Linahusu bei ya ndoo ya asali, na kwa hiyo linahusu ada za shule, bati za nyumba na mtaji wa mizinga ya msimu unaofuata.

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Wengi wanaufahamu kwa mahindi, mpunga, tumbaku na hifadhi ya taifa yenye viboko na mamba. Lakini misitu yake ya miombo ni makazi makubwa ya nyuki. Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele, ina jina katika biashara ya asali tangu ilipokuwa bado chini ya Wilaya ya Mpanda, na shirika la ADAP la Uswisi limefanya kazi na wafugaji nyuki wa huko tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Pamoja na jina hilo, sehemu kubwa ya asali ya vijijini bado huuzwa kwa mtindo wa zamani. Mchuuzi huja na ndoo zake, hutaja bei, hulipa taslimu na kuondoka. Yeye anajua bei ya Kariakoo. Mfugaji anajua tu bei aliyouza mwaka jana.

Hata kipimo chenyewe kinamwumiza mfugaji. Lita moja ya asali ina uzito wa takriban kilo 1.4. Kwa hiyo ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 28 hivi. Anayeuza ndoo huku akihesabu kuwa ni kilo 20 amekwisha kutoa kilo nane za bure kabla hata ya kuanza kubishana bei. Taarifa ndogo kama hiyo ina thamani kuliko matangazo mengi, na ndiyo faida ya kwanza ya kuwa na mawasiliano na soko la mbali: mtu hujua kinachouzwa, kwa kipimo gani na kwa bei gani.

Asali si tumbaku

Si kila zao linahitaji ukurasa. Tumbaku hulimwa kwa mkataba kupitia vyama vya msingi, na mnunuzi anajulikana kabla miche haijatoka kitaluni. Picha nzuri ya mabani haitaongeza hata shilingi moja kwenye kilo. Mahindi nayo hayana sura: gunia la Mpanda na gunia la Sumbawanga, yakiwa makavu na safi, mnunuzi huyaona ni sawa, na bei hufuata mavuno ya nchi nzima.

Asali ni tofauti. Mlaji wa mjini anauliza imetoka wapi, imevunwa lini, na je, haikuchanganywa na sukari? Yuko tayari kulipa zaidi akipata jibu analoliamini. Bidhaa ambayo asili yake ni sehemu ya thamani yake ndiyo inayofaidika na matangazo. Hapo ndipo hoja ya vijana inapopata nguvu. Chema hujiuza pale tu mnunuzi anapokiona, na mnunuzi wa Mbezi au Ilemela hawezi kukiona kilichofungiwa ndani ya ghala Inyonga.

Kenya kuna mfano wa karibu. Mkulima Young ilianza kwa ukurasa wa Facebook uliowakutanisha vijana waliotaka kulima na kuuza, na baadaye ikaanzisha soko lake yenyewe kwenye intaneti. Funzo lake ni kwamba ukurasa ulitumika kukusanya watu, kisha watu hao wakapelekwa mahali panapomilikiwa na wenye shughuli.

Hofu za wazee zina msingi

Hata hivyo, itakuwa kosa kuwaona wazee kuwa ni watu wa kupinga maendeleo. Hofu zao kadhaa ni za kweli.

Kwanza, utapeli. Mtu yeyote anaweza kuchukua picha za asali ya kikundi, akafungua ukurasa wenye jina linalofanana, akaandika namba yake ya simu na kupokea fedha za wateja. Mteja aliyeibiwa hatamlaumu tapeli asiyemfahamu, bali ataulaumu mzigo wa Katavi.

Pili, picha hueleza mengi kuliko mpigaji anavyodhani. Picha inayoonyesha mizinga pamoja na kilima, daraja au kibao cha kijiji humwelekeza mwizi porini. Mizinga hukaa mbali na makazi na hailindwi usiku.

Tatu, madaraka. Kikundi chenye wanachama 30, wengi wao wenye simu za kitochi, kinaweza kujikuta soko lake lote liko mikononi mwa kijana mmoja mwenye simu janja. Akihama au akigombana na mwenyekiti, anaondoka na neno la siri, wateja na jina la kikundi.

Nne, mitandao hiyo si mali ya mtumiaji. Oktoba 4, 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini. Na kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa Tanzania kwa siku kadhaa. Mfanyabiashara ambaye orodha yake yote ya wateja ilikuwa ndani ya mtandao mmoja hakuwa na namna ya kuwafikia.

Tano, na hii ndiyo hatari isiyozungumzwa sana, ni mafanikio yenyewe. Oda zikizidi mavuno, kishawishi cha kuchanganya asali au kununua isiyojulikana ilikotoka huwa kikubwa. Jina lililojengwa kwa miaka kumi linaweza kuvunjwa na madumu matano.

Hesabu kwanza

Jambo hili linaweza kupimwa kwa hesabu. Tuchukue mfano wa kikundi kinachovuna lita 1,000 kwa mwaka. Tuseme kila lita inayouzwa moja kwa moja kwa mlaji wa mjini inaleta nyongeza ya Sh4,000 juu ya bei ya mchuuzi, baada ya kutoa gharama za chupa, lebo na nauli ya basi. Tuseme pia bando ni Sh20,000 kwa mwezi, na anayeshughulikia ukurasa analipwa posho ya Sh20,000 kwa mwezi. Gharama kwa mwaka ni Sh480,000.

Kikundi kikiuza lita 100 kwa njia hiyo, nyongeza ni Sh400,000, yaani kimepata hasara ya Sh80,000. Kikiuza lita 120, kimerudisha gharama tu. Kikiuza lita 200, kinabaki na Sh320,000. Kila kikundi kiweke tarakimu zake halisi, lakini mpango wa hesabu ni huohuo. Kuna kiwango cha mauzo ambacho chini yake ukurasa ni starehe ya kikundi, na si biashara.

Hesabu hiyo inaonyesha pia kwamba mchuuzi hafukuzwi. Lita 800 zilizobaki bado ni zake. Tofauti ni kwamba sasa anazungumza na muuzaji anayejua bei ya mjini.

Waingie, lakini kwa masharti

Kwa mantiki hiyo, jibu ni ndiyo kwa kikundi ambacho tayari kina asali safi ya kuonyesha. Kwa ambacho hakina, jibu ni bado. Asali iliyovunwa kabla nyuki hawajafunika masega kwa nta huwa na maji mengi na huchachuka ikiwa njiani. Kiwango cha kimataifa kinataka maji yasizidi asilimia 20 kwa asali ya kawaida. Fedha ya kwanza iende kwenye kipimo cha maji, vyombo safi na alama ya ubora ya TBS, na bando lifuate baadaye. Picha haiwezi kuficha chupa iliyopasuka kwenye buti la basi.

Kwa waliofikia hatua hiyo, masharti ni machache. Laini ya simu isajiliwe kwa jina la kikundi, si la mtu. Malipo yaingie kwenye akaunti au namba ya malipo inayoonyesha jina la kikundi, na ukurasa wenyewe uwaambie wateja kwamba namba nyingine yoyote ni ya matapeli. Neno la siri lijulikane kwa viongozi wasiopungua wawili. Itangazwe asali iliyopo ghalani tu, na ikiisha itangazwe kwamba imeisha. Picha zipigwe ghalani au kwenye mashine ya kukamulia, zisipigwe porini.

Mtandao mmoja unatosha kuanzia, na WhatsApp ya biashara huenda ikafaa kuliko mingine kwa sababu mteja huzungumza na muuzaji moja kwa moja. Kurasa tano zisizojibiwa ni mbaya kuliko kutokuwa na hata moja, maana anayeuliza bei leo akajibiwa wiki ijayo huwa amekwisha kununua kwingine.

Muhimu kuliko yote, jina na namba ya kila mteja viandikwe pia kwenye daftari la kikundi na kutunzwa kwa siri, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Wahenga wa biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mtandao ukizimika, daftari na simu ya kitochi vinatosha kuendeleza biashara.

Mwisho, anayeshika simu atoe taarifa katika kila mkutano wa mwezi: oda ngapi zimekuja, ngapi zimelipwa, malalamiko gani yamepokelewa. Hapo mwanachama asiye na simu janja atakuwa na sauti sawa na aliye nayo, na mkutano utabaki kuwa mwenye mali. Misimu miwili inatosha kuamua. Kama mauzo hayakuvuka gharama, ukurasa ufungwe bila aibu na fedha zinunue mizinga.

Asali nyingi ya msimu mkubwa huvunwa kati ya Mei na Julai. Vikundi vinavyotaka kujaribu vifanye uamuzi huo kabla moshi wa kwanza haujapulizwa mzingani, kwa sababu mchuuzi akishafika na fedha taslimu na ada za shule zikiwa zinadaiwa, muda wa kutafuta mnunuzi mwingine huwa umekwisha.