Fizi: Deni la masomo ya uuguzi lisije likalipwa na mgonjwa

BARAKA – Kila mwaka wa masomo ukikaribia, hesabu ile ile inarudi katika nyumba nyingi za Baraka, Fizi, Mboko na Nundu. Kijana anataka kusomea uuguzi, uzalishaji ao maabara. Baba anatazama shamba la muhogo na michikichi iliyobaki. Mama anatazama akiba yake katika AVEC. Familia iliyokimbia vita, ambayo shamba lake liko mbali na halifikiki, haina cha kutazama isipokuwa kukopa.

Uamuzi huo hufanywa mara nyingi kwa moyo kuliko kwa hesabu. Koti jeupe lina heshima, na watu husema kwamba wagonjwa hawataisha, kwa hiyo kazi haiwezi kukosekana. Ni kweli wagonjwa wako. Kolera haijawahi kuwa mgeni katika mwambao huu wa Tanganyika, na akina mama wanazaa kila usiku. Lakini wingi wa wagonjwa si wingi wa mishahara. Hapo ndipo wazazi wengi wanapokosea.

Muuguzi wa Serikali nchini Kongo anatarajiwa kuishi kwa vitu vitatu: mshahara, prime ya hatari ya kazi, na prime ya pale kituoni inayotoka katika pesa za wagonjwa. Viwili vya kwanza vinamfikia yule ambaye ni mekanize, maana yake jina lake limekwisha kuingia katika listi ya malipo kule Kinshasa. Wengi hawajafika huko. Wanafanya kazi miaka na miaka, wanalala zamu, wanakimbia risasi pamoja na wagonjwa wao, na mwisho wa mwezi wanagawana kile kilichobaki katika sanduku la kituo. Mwezi ambao wagonjwa hawakuwa na pesa, muuguzi naye hana.

Kuna mashirika, wengine watasema. Mashirika hulipa vizuri, lakini hayakai. Madaktari Wasio na Mipaka walifanya kazi katika teritware ya Fizi tangu 2003, na Desemba 2020 wakatangaza kuondoka kwa sababu ya mashambulizi dhidi ya watu wao. Mzazi asiweke mshahara wa shirika katika hesabu yake kana kwamba ni wa maisha yote.

Basi hesabu yenyewe ifanywe waziwazi. Huu ni mfano tu, kila nyumba iweke namba zake. Tuseme minervali, kodi ya chumba, chakula na pesa za staji ni dola 400 kwa mwaka. Miaka mitatu ni dola 1,200. Nusu imetoka nyumbani, nusu imekopwa: deni ni dola 600. Kijana anapata kazi, anashika dola 50 kwa mwezi, anakula na kulipa nyumba kwa 30. Anabaki na 20. Kama deni halina riba, atalimaliza kwa miezi 30, ikiwa hakuugua, hakuoa na hakukimbia. Lakini kama amekopa kwa banki Lambert, hata kwa riba ya asilimia 10 tu kwa mwezi, riba peke yake ni dola 60 kila mwezi. Mshahara wote hautoshi. Deni hilo halilipiki, linarithiwa.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, mambo ni tofauti. Kule kuna Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, na aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa mwezi hadi amalize. Watu wanalalamika kwamba makato ni makubwa, na wana haki ya kulalamika. Hata hivyo yule anakatwa katika mshahara aliokwisha kuupata. Hapa Fizi, mdai anabisha mlangoni kabla mshahara haujazaliwa. Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ni ya shule ya msingi. ITM na ISTM haziguswi.

Na mdai akibisha, nani analipa mwisho? Ni mgonjwa. Muuguzi asiye na mshahara na mwenye deni anajaribiwa kuuza fishi mara mbili, kuandika dawa zisizo za lazima, ao kumzuia mama aliyezaa mpaka familia ilipe. Si kwa sababu ana roho mbaya. Njaa yake imekutana na njaa ya mkimbizi wa ndani aliyefika jana na mtoto mwenye homa. Hivyo deni la nyumba moja linahamia nyumba nyingine iliyo maskini zaidi. Kosa hilo lisitetewe, lakini chanzo chake kijulikane.

Vita imezidisha uzito. Bukavu, penye ISTM, iliingia mikononi mwa M23 Februari 2025, na mabenki yakafungwa. Mzazi wa Baraka aliyekuwa na mtoto kule alijikuta na safari ya hatari, pesa zisizopita, na deni ambalo halikusimama kungojea amani.

Hakuna anayesema watoto wasisome. Fizi bila wauguzi na wazalishaji ni kaburi. Ila wazazi waulize kabla ya kuuza shamba: shule hii inatambuliwa na Wizara? Waliomaliza hapa miaka mitatu iliyopita wako wapi leo, na wanashika kiasi gani? Kijana anaweza kuanza na A2 hapa karibu, afanye kazi, kisha aende ISTM kwa jasho lake? Kukopa katika AVEC kwa mwaka mmoja mmoja ni afadhali. Banki Lambert iogopwe kama kolera. Na diplomu ikipatikana, kopi yake iwekwe mahali pawili, maana moto wa vita hauchagui karatasi.

Kwa upande wa Serikali, jambo ni moja: wauguzi wanaofanya kazi wahesabiwe, waingizwe katika listi na walipwe. Wabunge waliochaguliwa Fizi wanajua njia ya Kinshasa. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Muuguzi wa Nundu ao wa Kimbi yuko tayari kulipa la kwake, lakini kwanza Serikali ilipe lile inalodaiwa naye.