Talanta Moja Si Kitu Kidogo

Mama mmoja jirani yangu hapa Mumbuni, aliyepoteza macho kwa ugonjwa wa sukari, alirudi kutoka kanisani akiwa amenyong'onyea. Akaniuliza: "Mwalimu, kumbe mimi ndiye yule mtumwa mlegevu?" Walikuwa wamehubiriwa mfano wa talanta, Mathayo 25. Aliyoambiwa nimeyasikia mara nyingi, na siyakubali.

Wahubiri wanasema talanta ni kipaji, sauti ya kuimba au mguu wa mpira. Maana hiyo ilizaliwa na mfano wenyewe, karne nyingi baadaye. Yesu alipousimulia, talanta ilikuwa uzani wa fedha, kama dinari 6,000. Dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, ndivyo Mathayo 20 inavyoonyesha. Ukihesabu siku 300 za kazi kwa mwaka, talanta moja ni ujira wa miaka 20.

Basi anayedai kwamba mtumwa wa tatu, aliyeachiwa talanta moja na bwana wake, alipewa makombo amekosea hesabu. Tena wa talanta mbili alipongezwa kwa maneno yale yale aliyopongezewa wa talanta tano.

Ati yule wa tatu alihukumiwa kwa kukosa faida? Hakupoteza hata senti. Marabi walihesabu kufukia fedha ardhini kuwa njia salama ya kutunza amana. Kweli, bwana anamtajia riba, lakini anamjibu kwa maneno aliyoyatanguliza mtumwa mwenyewe, kwamba bwana huvuna asipopanda. Hofu ndiyo iliyochimba shimo alimoifukia talanta yake.

Lililoniuma zaidi ni kudai kwamba hata mshairi John Milton anathibitisha kuwa asiyeweza kutenda hana nafasi kwa Mungu. Aliyesema hivyo aliishia nusu ya shairi. Kufikia 1652 Milton alikuwa kipofu kabisa. Katika soneti yake ya mistari 14 anaanza na hofu ile ile ya mama huyu, talanta ikiwa imemkwamia mikononi. Kisha Subira anamkatiza: Mungu hategemei kazi ya mtu, na kungoja kwa utii nako ni utumishi. Kipofu huyo ndiye aliyetunga Paradise Lost kwa kuwatamkia wengine waandike. Ilichapishwa 1667.

Wahubiri wetu, mkiurudia mfano huu, msiishie mstari wa 30. Sura inaendelea na hukumu, na humo watu wanapimwa kama walimtazama mgonjwa. Tangu mama huyu apoteze macho, hakuna mzee wa kanisa aliyebisha mlangoni pake.